Udongo wa Goli la Kaskazini

Ukumbi wa mihadhara mnaouingia kila asubuhi, vijana wangu, umesimama juu ya goli la kaskazini. Nasema goli, sisemi uwanja kwa jumla, kwa sababu nimezoea kulitaja jambo kwa kipimo chake. Mstari wa goli ulipita pale zilipo ngazi za mbele, na kipa wetu alisimama mahali ambapo sasa mhadhiri huweka meza yake. Majuzi nilipokuja chuoni kusalimia, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli kwamba chuo hiki kiliwahi kuwa na timu ya mpira. Neno "kiliwahi" lilinikaa moyoni mpaka nikafika nyumbani. Niliajiriwa kufundisha historia, na historia niliifundisha. Lakini saa zangu za jioni, tangu ujana hadi mvi, zilikuwa za timu ile, kwanza nikiwa msaidizi, baadaye nikiwa mwalimu wa timu mwenyewe. Ndiyo kazi ninayotaka kuwasimulia.

Nitaanzia karibu na mwisho, ingawa darasani niliwakataza wanafunzi wangu kufanya hivyo.

Asubuhi ambayo katapila lilikuja kuchimba msingi wa ukumbi huo, nilikuwa nyumbani kwangu Mtoni Kijichi, nimebakiza muhula mmoja kustaafu. Timu ilikuwa imekwisha kufutwa. Simu ikaita. Aliyepiga alikuwa Yohana, kipa wetu wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Tabata.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Yohana. Habari za huko?"

"Siyo nzuri sana, mwalimu. Mama yupo golini."

"Goli gani?"

"Goli langu. Amekaa. Katapila limesimama mbele yake, na dereva ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyemweka."

Nilipofika, niliona kama alivyosema. Katikati ya milingoti, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, kanga mbili, miguu imenyooshwa, ametulia kama mtu anayesubiri misa ianze. Mbele yake dereva, kijana wa Temeke mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alikuwa ameshuka na kuchuchumaa ili azungumze naye kwa adabu.

"Mama, mie nimetumwa tu. Ishu siyo yangu."

"Najua, baba. Washa. Mimi nimekaa golini, sijakaa kwenye mashine yako."

"Sasa mama, nikiwasha si nitakuzoa na wewe?"

"Basi usiwashe."

Dereva akanigeukia. "Mzee, shikamoo. Huyu mama ni beki wa wapi? Maana hapitiki."

Nilimsalimia Mama Yohana, nikakaa chini mbele yake, nikamwomba anieleze anachokitaka. Alieleza bila haraka. Kijiji chao, kule kanda ya ziwa, kilikuwa kimehamishwa kupisha mgodi. Walihamishwa kwa makubaliano, wakajengewa nyumba za bati mahali pengine, na makaburi pia yalihamishwa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini pale ilipokuwa nyumba yake, pamoja na kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko, sasa palikuwa shimo ambalo, kwa maneno yake, "ukilichungulia unasikia kizunguzungu." Udongo wa kwao haukuwapo tena duniani, isipokuwa mahali pamoja.

"Mwanangu aliuleta hapa siku alipoanza chuo. Mimi ndiye niliyeuchimba, nikaufunga kwenye mfuko wa sukari. Mwalimu, mimi ni mzee. Siku yangu ikifika watanizika huku huku Dar. Nataka konzi la kwanza la udongo litakaloniangukia liwe la kwetu. Mengine wamwage ya popote."

Hakuwa akidai kitu kingine. Na mashine ilikuwa pale, injini bado ya moto.

Ili mfahamu namna udongo wa kanda ya ziwa ulivyofika hapa Mtoni, ni lazima niwaeleze habari za Mwalimu Ngonyani, aliyeianzisha timu na aliyenifundisha kazi.

Ardhi ya hapa mnaijua: ni mchanga. Ukikimbia juu yake unahisi kama mtu amekushika visigino, na mpira ukianguka haudundi, unalala. Chuo kilipopata kiwanja, wenzetu wa vyuo vingine walikuja mara moja tu, wakasema hawarudi tena kuogelea nchi kavu. Ngonyani, mtu wa Songea, mfupi, mwenye sauti ndogo isiyolingana na hasira zake, hakuwa na njia ya kununua udongo. Lakini alikuwa na kitu ambacho vyuo vingi vilikuwa nacho bila kukifikiria: wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Akaweka sheria. Kila mwanafunzi mpya anayetaka kuchezea timu alete mfuko mmoja wa udongo kutoka kwao, aumwage yeye mwenyewe mahali atakapocheza, aushindilie yeye mwenyewe. Winga amwage pembeni, kiungo amwage kati, kipa amwage golini. "Mwaga utakaposimama," ndivyo alivyosema, na hakukubali mtu agusishe mguu uwanjani kabla ya kufanya hivyo.

Nilipojiunga naye nikiwa mkufunzi kijana, nilidhani ni kichekesho. Kisha nikaanza kuuona uwanja. Ukisimama juu ya kilima kidogo cha upande wa barabara, jua likiwa limeinama, uliona mabaka: jekundu la Iringa, la kahawia la Mbulu, la njano la Lindi, la kijivu la Dodoma, jeusi la usukumani. Nimesoma ramani nyingi katika maisha yangu. Hiyo ndiyo peke yake niliyoona watu wakikimbia juu yake.

Kuhusu kazi yenyewe, mnaopenda ufundi sikilizeni. Udongo bora kuliko wote ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchekecha na kuugandamanisha kabla yako. Huchanganywa na mchanga wa hapa, hunyunyiziwa maji, huachwa upumue, ndipo hushindiliwa kwa gogo. Kipimo cha maji ni hiki: finyanga konzi moja liwe donge, liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika kama unga, ongeza maji. Likibaki zima, umezidisha. Likipasuka mapande machache, anza kushindilia. Siku yangu ya kwanza nilimwaga maji kwa moyo wote. Ngonyani alikuja, akatumbukiza kidole, akanitazama.

"Mkufunzi, sie tunatengeneza uwanja. Wewe unapika uji."

Maji hayo tuliyachota kwenye kisima cha chuo, ambacho kilikuwa cha chumvi. Hayakufaa kunywa wala kufulia, ila yalifaa kwa uwanja. Wachezaji waliyabeba wenyewe, ndoo begani, kabla ya kila mazoezi. Likumbukeni jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Makosa yalikuwapo, na mengine yalikuwa matamu. Maduhu, winga wa kushoto kutoka Shinyanga, alileta ule udongo mweusi wa mbugani, akaumwaga kwa fahari pembeni mwake. Kiangazi ulipasuka nyufa za kuingiza kidole. Masika yalipokuja ukavimba, ukawa gundi. Katika mechi yake ya kwanza ya mvua, Maduhu alikimbilia mpira, akafika. Viatu vyake havikufika. Alipiga krosi akiwa na soksi.

"Maduhu!" wenzake walipiga kelele kutoka benchi. "Kwenu hawataki uondoke!"

Tungeweza kuuchimba na kuutupa. Ngonyani alikataa. Alisema udongo wa mtu hautupwi, hujifunzwa. Wakajifunza. Mvua ikinyesha, walimvuta beki wa wageni mpaka kwenye lile baka jeusi, wakamwacha akwame hapo, wakahamishia mpira upande wa pili. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa lugha ya timu yetu, maana wachezaji walianza kuitana kwa majina ya udongo. "Toa Shinyanga, peleka Lindi!" "Usipite Dodoma, kuna vumbi!" "Rudisha Iringa, rudisha Iringa!" Wageni walibaki wakigeuza shingo. Mwamuzi mmoja alisimamisha mchezo, akamwita nahodha wetu.

"Nyie mnacheza mpira au mnaita abiria stendi?"

"Tunacheza, refa. Ila abiria wapo pia," nahodha akajibu, na kweli bao lililofuata lilitoka Lindi.

Kulikuwa na Shomari, mtoto wa Buguruni, ambaye babu yake na baba yake walizaliwa hapa hapa mjini. Sheria ilimtatiza. Kwao ilikuwa nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji. Akaenda sokoni, akarudi na karatasi yenye vipande vya udongo wa kula, ule ulioumbwa na kuokwa, ambao wajawazito huutafuna. Mazoezi yalisimama kwa vicheko.

"Braza, umekuja kusajiliwa au kliniki?"

"Mimba ya miezi mingapi, Shomari?"

Ngonyani hakucheka. Alikipokea kipande kimoja, akakivunja, akakinusa. "Huyu kwao ni Buguruni," alisema, "na Buguruni kila kitu hununuliwa. Huu ni udongo wa kwao kwa haki kabisa. Twanga, mwanangu, kisha mwaga." Shomari akatwanga, akamwaga kwenye duara la kati, na kwa miaka yote aliyocheza hapo hakuna aliyempokonya mpira kwa urahisi.

Watani wetu wa chuo kimoja cha upande wa Kinondoni walituita Wafinyanzi. Walikuwa na jezi zinazong'aa. Zetu zilipauka hata namba zikawa za kukisia. Walipokuja walisimama pembeni wakiimba, "Mfinyanzi hulia gaeni!" Ilikuwa kweli: tulikuwa na uwanja ambao hakuna aliyekuwa nao, na viatu ambavyo hakuna aliyevitaka. Tulishinda mara nyingi, tulishindwa mara nyingi, na kikombe kikubwa cha mashindano ya vyuo tulikishika kwa macho tu. Sitawadanganya kuhusu hilo. Ukubwa wa timu ile haukuwa kwenye kabati.

Yohana alikuja Ngonyani akiwa amekwisha kustaafu na mimi nikiwa nimeshika nafasi yake. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono ya mtu aliyezoea makasia. Mfuko wa sukari aliomwaga golini ulikuwa na udongo mwekundu wa kutu, wenye punje nyeupe ndogo ndogo. Mahali anaposimama kipa, kama mnavyojua au mnavyopaswa kujua, huchimbika daima, kwa kuwa miguu yake haitulii. Kila kipa wetu alirithi kijishimo cha yule aliyemtangulia na kukijaza kwa udongo wake. Aliyemfuata alikichimba tena kwa visigino vyake, akajaza wake. Wakati ule niliona ni ukarabati. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Timu haikufa kwa mkono wa adui. Wanafunzi waliongezeka, madarasa hayakuongezeka. Kozi zilifupishwa, hata mchezaji akawa anaondoka kabla hajaijua Shinyanga na Lindi ya uwanja. Wengi walitokea majumbani na kurudi jioni, kwa hiyo saa ya mazoezi ikawa saa ya foleni. Mwishowe tulikuwa tunaomba wapishi wa bwalo wajaze nafasi za mabeki. Katika kikao cha wakufunzi ilipotangazwa kwamba programu ya mpira inafungwa na kiwanja kitajengwa ukumbi, watu walinitazama mimi. Sikupinga. Nilikuwa nimefundisha watu waliosimama madirishani wakiandika juu ya migongo ya wenzao. Ukumbi ulihitajika. Lakini nilipotoka nilipita uwanjani, nikatembea mstari mzima wa pembeni.

Sasa turudi kwenye lile goli, na bibi juu ya ndoo.

Nilimweleza dereva kisa chote, kama nilivyowaeleza ninyi, kwa ufupi. Kisha akavua kofia, akaigeuza mbele.

"Mzee, mie hiki kijiko naweza kukunia nazi. Mama akikubali kusogea hatua tu, nitawachania hapo taratibu, muone wenyewe."

Mama Yohana alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akainuka. Yohana akaibeba ndoo. Kijana akapanda, akawasha, akashusha kijiko kwa upole ambao sikuutarajia kwa chuma cha ukubwa ule, akakata mfereji mmoja mnyoofu kutoka mlingoti hadi mlingoti, akazima.

Vijana wangu, nilifundisha kwa miaka mingi kwamba historia hulala kwa matabaka, ya karibuni juu, ya kale chini. Niliichora ubaoni kwa chaki za rangi. Sikuwahi kuiona. Siku ile, katika ukuta wa ule mfereji, palepale makipa waliposimama, ilikuwa imelala mbele yangu: kijivu, chini yake kahawia, chini yake ufito mwembamba mweusi, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kisha njano hafifu, kisha nyekundu tena, mpaka chini kabisa ambako mchanga mweupe wa Mtoni ulianza. Kila ufito ulikuwa mtu. Mmoja aliwahi kulia kwa kufungwa bao la dakika ya mwisho. Mwingine sasa ni padri. Mwingine tulimzika angali kijana. Walikuwa wamelaliana pale, kila mmoja akisimama juu ya mwenzake, na hakuna aliyemponda. Dereva naye alikuwa ameshuka na kusimama kando yetu.

"Aisee," alisema polepole. "Nchi nzima imekaa golini."

Tatizo, hata hivyo, lilikuwa wazi. Matabaka mekundu yalikuwa mawili. Nilijua kwamba kabla ya Yohana alikuwapo kipa wa Njombe, na nilijua kwamba wa chini ndiye wa kwanza. Lakini nilijua pia kwamba mwaka fulani wa mvua kubwa goli lilifukuliwa na kujazwa upya, na sikuweza kuapa kwamba mpangilio ulibaki. Punje nyeupe zilionekana katika yote mawili. Nikamwambia Mama Yohana ukweli: nadhani ni la juu, lakini sina hakika.

"Huna hakika?" Yohana aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona mlango ukifungwa.

Mama yake hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo. Alimega kipande kutoka tabaka la chini, akakitia kinywani.

"Mama!"

"Nyamaza. Nilipokuwa na mimba yako nilikula udongo wa kile kichuguu mpaka bibi yako akanificha jembe. Unadhani nitausahau?" Alitafuna, akageuka pembeni, akatema kwa adabu. "Huu ni mzuri. Lakini ni wa watu wengine."

Akamega wa tabaka la juu. Mara hii alitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Hakuna aliyesogea. Hatimaye akameza.

"Ndio wenyewe," alisema. Kisha akakunja uso. "Ila una chumvi."

"Chumvi ya wapi, mama? Kwetu maji yote ni baridi."

"Hilo ni jasho," dereva akasema. "Watu wamefia hapo na mpira."

Mimi nilikuwa najua jibu, na ninyi pia mnalijua: ni maji ya kisima. Nikamwambia hivyo, kwa kuwa sikutaka aende na jambo lisilo sahihi.

"Na hayo maji nani aliyachota?"

"Wao wenyewe. Kwa mabega."

"Basi kijana kasema kweli," akajibu, akafungua pindo la kanga.

Alichukua kiasi cha kujaza kiganja, akafunga fundo. Yohana alitaka kumwongezea, akamzuia. "Tosha. Nimekuja kuchukua wangu, sikuja kuwaharibia wenzako walipolala." Akaupangusa mkono wake juu ya mfereji, kila punje ikarudi ilikotoka. Kisha akamwambia dereva, "Baba, sasa washa."

Yule mama aliishi miaka kadhaa baada ya siku ile, na kila nilipokwenda Tabata kumwamkia alinionyesha mkebe wa majani ya chai juu ya kabati lake. "Bado hatujaondoka," alinitania, "mimi na kipa."

Aliondoka mwaka huu. Makaburini niliwakuta watu ambao sikuwaona pamoja tangu timu ilipofungwa. Maduhu, sasa mnene, amevaa viatu vya kung'aa. Shomari, ndevu nyeupe, aliyenong'ona masikioni mwangu, "Mwalimu, bado naulizwa kama nimejifungua." Hata kijana wa katapila alikuja, sikujua nani alimwita. Jeneza liliposhushwa, wote walisimama nyuma kumpisha Yohana. Akafungua mkebe, akaumimina udongo wote kiganjani, akaumwaga. Kisha mwanamume yule mzima, mwalimu mkuu, akaukanyaga ukingo wa kaburi kwa kisigino, taratibu, mara kadhaa, kama kipa anayetengeneza mahali pa kusimama. Hakuna aliyecheka. Maduhu naye akakanyaga. Shomari naye.

Zamu yangu ilipofika, Yohana alinipa mkebe ulio mtupu, bila kutambua kwamba ndani ya ukingo wake kulikuwa kumeganda vumbi kidogo jekundu. Nililikusanya kwa ncha ya kidole. Nilipaswa kulidondosha kaburini, na sehemu kubwa nililidondosha. Kilichobaki nilikionja.

Mama alisema kweli. Una chumvi.